Watoto Saba wa Kuazima

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Nesi wa kiwandani kanipima presha mara mbili akidhani mashine imeharibika. Haijaharibika. Kasema kwa presha hii anashangaa nimepanda ngazi zake bila kubebwa. Nikamweleza kwamba nilipumzika katikati. Hakucheka.

Hukumu: napimwa tena Jumamosi ya wiki ijayo. Ikibaki pale pale, usukani basi! Gari la mkate anapewa Bwana Kitambaa, dereva wa akiba, nami nahamishiwa getini kufungua na kufunga. Mimi! Dereva ambaye mitaa mizima inaamka kwa honi yake!

Nikaomba kidonge. Kasema vidonge tutazungumza baada ya kipimo cha pili. Kwanza nitembee, nipunguze chumvi na mafuta, niache sigara, niache bia, nilale mapema. Yale yale ya kila mwaka. Nilitegemea kitu cha maana.

Nimetoka nimenuna. Uani nikamkuta Baba Saba, mpakiaji wetu, anapandisha kreti za mkate garini huku anapiga mluzi. Kanizidi umri. Tumbo hana. Aliinama kufunga kamba ya kiatu na akaendelea kunisimulia habari ya mpira, sauti ile ile, kama vile hajainama! Mimi nikiinama naona nyota. Ana watoto saba, ndiyo maana tunamwita hivyo. Mimi ninaye mmoja.

Kuna jambo hapa. Sijui ni nini, lakini lipo.

Bwana Kitambaa nimemkuta kwenye kiti changu, anafuta usukani na kile kitambaa chake. Kakisogeza kiti mbele. Nimekirudisha.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata!

Redio ya garini. Daktari mmoja alikuwa anaeleza kwamba kuna watafiti wanaojiuliza kama idadi ya watoto ina uhusiano na afya ya mwanamume: moyo, uzito, sigara, pombe, mwenendo mzima wa maisha. Nikaongeza sauti. Kasema jibu lenyewe ni muhimu sana na wasikilizaji watege sikio. Hapo hapo nikafika dukani, ikabidi nishuke kushusha mkate. Niliporudi alikuwa anawashukuru wasikilizaji kwa kutega sikio.

Haidhuru. Nimeelewa.

Kuhakikisha, nikamwendea Baba Saba, nikajifanya nazungumzia hali ya hewa, kisha nikamtupia swali: siri yake nini? Alicheka. Kasema hana siri yoyote, watoto wake ndio waliomweka hivyo. Kwa maneno yake mwenyewe!

Jioni nimemweleza mke wangu kwamba nahitaji watoto wengine sita, kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo. Aliweka mwiko chini, akanigusa paji la uso kuona kama nina homa. Kisha akasema kama nataka kubeba mimba ruksa, nianze, yeye atanipikia uji.

Wanawake hawana imani na sayansi.

Jumatano, 5 Machi

Nimewaza nikiwa njiani mpaka nikapita duka moja bila kushusha mkate. Mtu akiumwa kichwa hajengi kiwanda cha dawa. Anaomba kidonge kwa jirani. Kwa hiyo mimi nitaazima.

Na bahati ilivyo! Baba Saba leo hakupiga mluzi. Nikamuuliza ana nini. Kasema fundi anaanza kumwaga saruji sakafuni kwake Ijumaa, nyumba nzima, na lazima ikauke vizuri. Yeye na mkewe watajibanza jikoni, lakini hajui watoto atawapeleka wapi. Shemeji yake kakubali kuchukua wawili, tena kwa shingo upande.

Nikaweka mkono kifuani. Nikamwambia awalete kwangu. Akauliza wangapi. Nikasema wote. Akauliza tena, wote? Wote! Alinishika mkono kwa mikono yake miwili na machozi yakamlengalenga. Kasema hakujua kama mimi ni mtu wa namna hii. Nikaona haya kidogo. Ikapita.

Kwa mke wangu nilitegemea vita. Hakuna. Kasema waje, watoto hawana kosa, ila kwa wiki hiyo baba yao ni mimi: kuwalisha, kuwaogesha, kuwafuata shule, kuwaamulia ugomvi. Yeye ni shangazi mgeni tu. Nimekubali haraka kabla hajabadili mawazo. Ubaba una kazi gani? Mimi ni baba tangu binti yetu azaliwe na sijawahi hata kuchoka.

Ijumaa, 7 Machi

Dawa imefika. Imekuja kwa mstari, kuanzia Kifunguamimba, msichana mrefu aliyebeba mikeka, mpaka Kitindamimba, ambaye hajaanza shule na alibeba kijiko chake mwenyewe. Binti yangu aliwapokea mlangoni akirukaruka. Sijawahi kumwona na furaha kiasi hicho. Alikuwa kama yeye ndiye mgonjwa.

Chakula cha jioni: nyama ya kukaanga, ile ninayoipenda, yenye mafuta yanayong'aa. Nilikwenda kunawa mikono. Niliporudi kulikuwa na sahani tupu. Nimekula tango. Kitindamimba alinihurumia, akanipa mkate aliokuwa ameshautafuna nusu.

Kochi limejaa. Nimesimama. Nikafungua bia yangu. Macho ya watoto wanane yakanigeukia. Mmoja akauliza ina ladha gani. Mwingine akauliza kwa nini nakunja uso kama ni tamu. Wa tatu akauliza kama nikiimaliza nitaimba, kwa maana jirani yao huimba. Nimeirudisha kwenye friji.

Nalala mapema kwa sababu taa wameizima wao, naandika kwa mwanga wa simu. Kesho nitaanza matibabu kwa utulivu.

Jumamosi, 8 Machi

Baba Saba alipita asubuhi kunipa maelekezo. Nilidhani ataniambia wanakula mara ngapi. Lo! Aliniambia nani halali mlango ukifungwa kabisa. Nani husema ameshiba ili mdogo wake apate zaidi, kwa hiyo nimwongezee bila kumuuliza. Nani akidanganya hukunja vidole vya mguu. Nani ana viatu vinavyoanza kumbana na hasemi, kwa kuwa anajua baba ana mambo mengi.

Watoto saba, na wote kichwani kwake, kila mmoja na kona yake! Mtu huyu hakusoma kuliko mimi. Anabeba kreti kutwa. Lakini nakiri, na naandika hapa ambapo hakuna atakayesoma: namwonea wivu, na chini ya wivu namheshimu sana. Mimi sijui hata namba ya viatu vya binti yangu. Nimemuuliza mke wangu. Kanijibu nikamuulize mwenye miguu. Nikasahau.

Nikaona pia shavu la Baba Saba limevimba. Kumbe jino linamsumbua muda mrefu. Watoto wote kawapeleka kwa daktari wa meno, mmoja mmoja, akiwashika mkono. Lake linasubiri nafasi. Nikamwambia aende leo hii, watoto wapo kwangu, hana kisingizio. Kanishukuru sana. Ukweli ni kwamba nilitaka aondoke ili nijilaze bila kuonekana.

Sikujilaza. Kitindamimba alikuwa amefungia kijiko chake chooni, naye yumo ndani.

Jumatatu, 10 Machi

Kazi yangu huisha mchana, kwa hiyo kuwafuata shule ni juu yangu. Nilipanga kuwapakia wote kwenye gari la mkate, kwenye kreti, kwa starehe. Bwana Kitambaa alikuwa kasimama getini na tabasamu. Kasema angesikitika sana kama mkubwa wa karakana angesikia. Nyoka huyu!

Pikipiki ya kukodi inabeba wawili. Mimi ninao wanane. Nimekwenda kwa miguu.

Shule iko juu ya kilima. Nilijua hilo, lakini sikuwahi kulijua kwa magoti. Kitindamimba mabegani, kanishika masikio, ananigeuza anakotaka. Katikati ya kilima nikakaa kwenye jiwe. Mama mmoja aliyekuwa akipita aliniuliza kama nataka apige simu kwa mtu.

Wakati wa kurudi, binti yangu alinishika kidole. Njia nzima alinisimulia habari za mwalimu wao anayepiga chafya kila akiandika ubaoni. Alikuwa na mambo mengi. Nadhani aliyaweka akiba tangu zamani.

Nimefika nimechoka hoi bin taabani. Nina hofu moja: hawa watoto ni dawa, sawa, lakini wakinichosha hivi dawa itapataje nafasi ya kufanya kazi?

Jumatano, 12 Machi

Aibu.

Nyuma ya tangi la maji ndiko ninakovutia sigara yangu ya jioni. Pamejificha pale, au nilidhani pamejificha. Leo nimemaliza, nazunguka tangi, nakuta watoto wote uani wanacheka mpaka wanashika matumbo. Wa tatu wao kwa kuzaliwa, mwigaji hodari, ameweka kipande cha chaki kati ya vidole. Mkono mmoja kiunoni. Anavuta, anakohoa, anatema mate, anashika mgongo. Mimi mtupu! Hata mimi nilicheka.

Kisha binti yangu akamnyang'anya ile chaki. Kasema hajapatia. Akafanya yeye. Alichungulia kwanza kushoto na kulia kuona kama mama yake yupo, kama nifanyavyo mimi. Akavuta taratibu, akafumba macho. Akakohoa kile kikohozi changu cha asubuhi, kutoka chini kabisa.

Sikucheka. Nimetumbukiza pakiti nzima kwenye choo na kiberiti chake. Si kwa ajili ya presha. Nilishindwa tu kuishika.

Usiku Baba Saba alipita kuwasalimia wanawe; nilipomsimulia, aliitikia kwa kichwa. Kasema yeye aliacha hivyo hivyo, siku alipomkuta huyo huyo wa tatu, akiwa bado mdogo, anavuta kijiti cha ufagio mlangoni na kukunja uso kama yeye. Kabla ya hapo alikuwa ameahidi kuacha kila mwaka. Kasema si kwamba watoto walimwongezea afya, ila walikuwa wanamtazama.

Nimeyapima maneno haya kwa makini. Mtu hawezi kuacha sigara mpaka afikishe mtoto wa tatu. Namba! Daktari wa redio alikuwa sahihi.

Alhamisi, 13 Machi

Zimebaki siku chache na roho iko juu. Bwana Kitambaa kaning'iniza kitana chake kwenye kioo cha gari langu. Kitana! Na kiti kiko mbele tena.

Nikaamua kuongeza kipimo cha dawa. Kama saba wanashusha presha, kumi watashusha zaidi. Nimewaazima pacha wa jirani, na mgeni wao. Mke wangu alinitazama, akaingia chumbani, akafunga mlango kwa ufunguo.

Walitaka kuruka kamba uani. Kamba inahitaji watu wawili wa kuizungusha, na mti mmoja hauwezi. Nikazungusha. Mkono ukafa ganzi. Nikaomba kubadilishwa. Wakasema anayeachia kamba ndiye anayeruka, ndiyo sheria. Sheria ya nani? Ya binti yangu. Nimeruka. Ardhi ilitikisika, pacha mmoja akashangilia. Nimeruka tena. Binti yangu alikuwa anahesabu kwa sauti na kupiga makofi, ananiita bingwa.

Chakula cha usiku kimekwisha kabla yangu, kama kawaida. Nalala na viatu.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya kiama.

Nimewapeleka wote kwa nesi, wanane, ili dawa iwe karibu. Kitindamimba nimempakata kabisa. Nesi kasema hii si stendi, wakae nje. Nikamsihi abakize angalau watatu. Kawatoa.

Akapima. Akanitazama. Akapima mkono wa pili. Nje nilimsikia Bwana Kitambaa anapiga mluzi, ule mluzi wa mtu anayesubiri funguo. Nikafumba macho, nikayaona mageti yote ya dunia yakifunguka na kufungwa.

Imeshuka!

Si kwamba imekwisha, kasema bado ina safari na atanipima tena mwezi ujao. Lakini imeshuka vya kutosha. Usukani ni wangu! Nesi alitaka kujua nimefanya nini. Nikamjibu kwa fahari: watoto. Hakuelewa. Binti yangu akaingiza kichwa mlangoni na kumwaga kila kitu bila kumung'unya: baba anapanda kilima kila siku, nyama hapati, bia anaiogopa kwa sababu ya maswali, sigara katupa chooni, anaruka kamba, na analala kabla yetu akiwa amevaa viatu.

Nesi akapiga meza. Kasema ndiyo hayo sasa, wala si idadi. Kasema anamfahamu baba wa watoto tisa mwenye presha ya kutisha, na mzee asiye na mtoto hata mmoja anayepanda ngazi hizi kwa kukimbia. Watoto hawatibu mtu, kinachotibu ni vile unavyoishi nao. Niendelee hivyo hivyo, na huyu mmoja niliye naye ananitosha kabisa.

Nikaitikia kwa adabu. Maskini, hakusikiliza ile redio.

Jioni Baba Saba alikuja kuwachukua wanawe. Sakafu imekauka, shavu limenywea, pengo linaonekana akicheka. Kasema yeye na mkewe walikaa jikoni wakazungumza mpaka chai ikapoa, jambo ambalo hakumbuki lilifanyika lini mara ya mwisho. Kasema hatanisahau. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndiye nisiyefaa kushukuriwa, lakini nikamsaidia kufunga mikeka.

Aliondoka na Kitindamimba shingoni, mikono miwili imeshikwa na wawili, wengine wameng'ang'ania shati lake pande zote, na bado alikuwa anatembea wima na kuwajibu wote kwa pamoja. Nimesimama mlangoni mpaka walipokata kona. Mwanamume yule! Wakigawa nishani mjini humu, mimi nitapiga kura yangu kwake, na nitampeleka kwa gari la mkate akaipokee.

Binti yangu alisimama pembeni yangu na kuangalia njia ile ile.

Jumapili, 16 Machi

Nyumba kimya. Kimya hiki ni hatari kwa mtu mwenye presha! Dawa imeondoka na mwezi ujao napimwa tena.

Lakini mimi si mjinga. Nililiona hili mapema. Alhamisi, wakati wa kuruka kamba, nilirekodi kelele zao zote kwenye simu: wanavyocheka, wanavyogombana, pacha anavyolia, Kitindamimba anavyogonga kijiko. Idadi kamili, tena na wa jirani juu yake. Matibabu nitayafanya nyumbani, kwa heshima, bila kilima.

Nimeanza leo baada ya chakula. Nyama ya kukaanga, sahani nzima, hakuna wa kuigusa. Bia, hakuna wa kuuliza maswali. Pakiti mpya ya sigara iko mfukoni; yule mwigaji hayupo. Nikajilaza kwenye kochi, miguu juu, simu kifuani, nikaziachia kelele. Raha! Moyo nausikia kabisa unavyotulia.

Binti yangu akaja. Alikuwa amevaa viatu, kamba kafunga mwenyewe. Kauliza kama tunakwenda kilimani. Nikamkumbusha kwamba leo shule imefungwa. Kasema anajua, si lazima iwe shule. Nikamweleza kwa upole kwamba kilima kilikuwa kwa ajili ya wale saba, sasa baba yuko kwenye dawa, asogee kidogo anaziba feni.

Kisha akavua viatu, akavipanga mlangoni, soli juu. Thelathini na tatu. Sasa najua namba, nimeiandika.

Nikafumba macho. Kwenye simu, katikati ya makelele yote, kulikuwa na sauti moja wazi kuliko nyingine, yake, inaita: Baba! Baba, njoo! Baba, tena!

Nikaongeza sauti ya simu.